Kupiga na Kupigwa Picha: Safari, Sura na Jina kati ya Garissa na Pwani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza masimulizi ya wapiga picha na wachoraji walioipitia pwani ya Kenya na nyika ya Kaskazini Mashariki, na kuyalinganisha na kazi za wapiga picha wa studio wa Lamu na Mombasa. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya makundi haya mawili si ya ufundi wala ya mahali. Ni tofauti ya nafsi, yaani nani huhesabiwa kuwa mtendaji katika tendo la kupiga picha. Inapendekezwa kwamba kigezo cha kuhakikia masimulizi ya aina hii kiwe uwezo wa mwenye sura kukisahihisha kisa kilichotungwa juu yake. Kwa msomaji wa Garissa, suala hilo limekwisha kuvuka mipaka ya fasihi na kuingia katika uraia.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameyashughulikia masimulizi ya safari kwa muda mrefu, hasa yale yaliyoandikwa kwa maneno matupu. Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, zimekwisha kupata nafasi yake katika historia ya nathari ya Kiswahili. Kuna utanzu jirani ambao haujapewa uzito kama huo. Huu ni ule wa kitabu cha picha chenye tafakuri za mpiga picha: anaeleza barabara aliyoipita, watu aliowakuta, na vikao ambamo watu hao walisimama au kuketi mbele ya kamera yake. Vitabu vya namna hii kuhusu Kenya ni vingi. Hununuliwa kwa ajili ya picha, na maneno yake husomwa kana kwamba ni pambo tu.

Msimamo wa makala haya ni kwamba vitabu hivyo ni matini kamili. Vina msimulizi wa nafsi ya kwanza, msuko, mandhari na wahusika. Aidha, vina kile ambacho uhakiki wa Kiswahili hukiita taswira, neno lenye asili moja na neno sura katika Kiarabu. Kwa hiyo anayehakiki taswira katika shairi hana sababu ya kuinyamazia sura katika picha.

Eneo linalohusika linaunganishwa na barabara moja. Kutoka Garissa, barabara hiyo huufuata Mto Tana kupitia Bura na Hola hadi Garsen. Hapo huachana: tawi moja huelekea Witu na Mokowe, mkabala na kisiwa cha Lamu, na jingine huelekea Malindi na Mombasa. Katika vitabu vya wasafiri, nchi hii hugawanywa mara mbili, pwani ikiwa nchi ya majumba ya mawe na historia, na bara lake la kaskazini likiwa nchi ya jua na upweke. Mkazi wa Waberi mjini Garissa mwenye jamaa Mombasa na mzigo unaosafiri kwa lori hauoni mpaka huo. Swali la kwanza, basi, ni jinsi masimulizi yalivyouchora mpaka ambao wenyeji hawaujui.

2.0 Nafsi katika Kitenzi

Kiswahili chenyewe kinatoa nyenzo ya kulijibu swali hilo. Husemwa kupiga picha, na mwenye kazi hiyo huitwa mpiga picha. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki si mali ya mwenye kamera peke yake. Mtu husema, «Jana tulikwenda studio kupiga picha,» na kila msikilizaji huelewa kwamba msemaji ndiye aliyekaa mbele ya kamera. Hakuna kosa la sarufi hapo. Ni mantiki ile ile inayomruhusu mtu kusema «nimeshona kanzu» hali sindano iliishikwa na fundi, au «amejenga nyumba» hali matofali yaliinuliwa na waashi. Kiswahili humpa utendaji yule aliyeagiza kazi, akailipia na akaondoka nayo.

Kwa upande mwingine, wageni wanaposimamisha gari kando ya njia na kuelekeza kamera kwa mwenye kuteka maji, kauli hubadilika: «Walikuja wakatupiga picha,» au «Tulipigwa picha.» Kitenzi ni kile kile, lakini mwenye sura amehama kutoka nafasi ya mtenda hadi nafasi ya mtendwa. Hakuagiza, hakulipia, na picha haikubaki mikononi mwake.

Nadharia mashuhuri za Magharibi hazikuisisitiza tofauti hii. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, aliwatenga wahusika watatu: anayepiga, anayetazama, na anayepigwa. Mgawanyo huo una manufaa, ila hauna nafasi mahususi ya mwagizaji. Susan Sontag, mwaka 1977, alionyesha kwamba kupiga picha ni namna ya kukimiliki kinachopigwa. Dai hilo lina nguvu kubwa kwa picha za barabarani, lakini linapwaya likipelekwa katika studio ya Lamu, ambako mwenye sura ndiye aliyemwajiri mpiga picha. Kutokana na hayo, uchambuzi unaofuata utaziuliza matini zote swali moja: nani aliiagiza picha hii, na nani aliondoka nayo?

3.0 Safari kama Msuko: Nyika Iliyofanywa Tupu

Mfano wa kwanza si wa mpiga picha bali wa mchoraji, na umechaguliwa kwa sababu unaonyesha mwagizaji waziwazi. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza Joy Adamson kuchora sura za watu wa makabila ya nchi wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa ya safari kutoka pwani hadi kaskazini, ikazaa mamia ya michoro na hatimaye kitabu The Peoples of Kenya cha mwaka 1967. Adamson hakuwa mgeni Garissa: ni huko, mwishoni mwa mwaka 1942, alikokutana na George Adamson, mlinzi wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, aliyekuja kuwa mumewe.

Katika kazi hiyo mwagizaji ni dola. Mwenye sura huchaguliwa kwa jinsi anavyoliwakilisha kabila lake, wala si kwa kuwa yeye ni fulani bin fulani. Vazi linatakiwa liwe la sherehe hata kama mhusika ana shati nyumbani. Huu si upotoshaji wa makusudi. Adamson aliamini kwamba mavazi hayo yalikuwa yakiachwa na kwamba yalistahili kuhifadhiwa, na leo kuna jamii zinazoitegemea michoro hiyo kama kumbukumbu ya rangi na ya ushonaji wa shanga. Lakini hifadhi hiyo ililipiwa bei: mtu aligeuzwa kielelezo.

Mfano wa pili ni Vanishing Africa, yaani «Afrika Inayotoweka», cha Mirella Ricciardi, kilichochapishwa London mwaka 1971. Ricciardi alizaliwa Kenya mwaka 1931, mtoto wa baba Mwitaliano na mama Mfaransa waliokuwa na makao Naivasha. Kitabu chake kinawapitia watu wa pwani na wafugaji wa kaskazini katika picha ambazo uzuri wake hauna ubishi. Jina la kitabu ndilo linalobeba msuko. Kitenzi kutoweka hakina mtendwa, na hapa hakina mtendaji wa kulaumiwa pia. Afrika inatoweka yenyewe, kama umande, na msafiri amefika kwa bahati njema kabla jua halijapanda.

Msuko wa safari katika utanzu huu hurudiwa kwa uaminifu. Msimulizi anaondoka katika nyumba yake ya nyanda za juu, barabara inazidi kuwa mbovu, gari linakwama, kisha, pale uvumilivu unapokaribia kwisha, sura inatokea. Kikao cha picha ndicho kilele. Baada ya hapo msimulizi anaondoka, na mwenye sura anabaki mahali alipokutwa. Katika mpango huu mwendo ni wa msafiri na kusimama ni kwa mwenyeji. Kejeli yake ni kwamba wenyeji wengi wa nchi hii ni wafugaji ambao kuhama ndiyo maisha yao. Msomali, Mworma na Mrendille, wanaovifuata visima na malisho kwa masafa marefu, wamesimamishwa katika ukurasa, hali mlowezi mwenye nyumba na bustani ndiye anayepewa sifa za mhamaji.

Mandhari nayo inataka kuhojiwa. Nyika ya kaskazini katika vitabu vya aina hii ni tupu, pana na kimya. Utupu huo haukuwa kazi ya maumbile peke yake. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni, na ile ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu, zilizuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Baada ya uhuru, mwishoni mwa Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo la Kaskazini Mashariki, na haikuondolewa hadi mwaka 1991. Vita vilivyoitwa vya shifta vilikoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, baada ya wakazi wengi kukusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mwaka 1970 Sheria ya Kinga ilipitishwa, ikawazuia waathiriwa wasidai fidia kwa matendo ya askari na maofisa wa serikali katika miaka ya vita. Mwaka uliofuata Vanishing Africa kikatoka.

Haidaiwi hapa kwamba kila mpiga picha alilazimika kuandika historia ya siasa. Kinachodaiwa ni kwamba nchi iliyofungwa kwa sheria ikasawiriwa kama nchi iliyosahauliwa na wakati. Pale ambapo historia ya karibu ingalieleza kwa nini mtu huyu yuko hapa, kwa nini mifugo yake ni michache, na kwa nini hatazami kamera kwa furaha, neno «kutoweka» limewekwa badala ya maelezo. Mwenye sura anageuka mabaki ya zamani hali ni mtu wa wakati ule ule, aliyenusurika vitani miaka minne tu kabla ya kitabu kuingia madukani.

Ni vyema kuongeza kwamba Ricciardi mwenyewe aliwahi kuwa sura katika kisa cha mwingine. Katika filamu L'Eclisse ya Michelangelo Antonioni, iliyotoka mwaka 1962, aliigiza nafasi ya Marta, mwanamke wa Kizungu aliyezaliwa Kenya na anayeishi Roma katika nyumba iliyotundikwa picha kubwa za Kenya ukutani. Mhusika huyo anawazungumzia Waafrika kwa dharau, huku rafiki yake akijipaka rangi nyeusi na kucheza ngoma ya kubuni. Haifai kumchanganya mwigizaji na mhusika wake. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha kitu ambacho vitabu vya safari hukificha: mahali picha hizi zinapokwenda kuishi. Ukuta wa sebule ya Roma ndio mwisho wa barabara iliyoanzia nyikani.

4.0 Mchungaji Ambaye Hakuwahi Kuchunga

Kisa kinachodhihirisha vizuri zaidi nguvu ya maneno juu ya picha ni kile cha Peter Beard na Iman Mohamed Abdulmajid. Beard (1938–2020), Mmarekani aliyekuwa na makao karibu na Nairobi, alikwisha kujulikana kwa The End of the Game cha mwaka 1965. Mwaka 1975 alimwona Iman katika mtaa wa Nairobi. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa binti wa mwanadiplomasia, amesoma nje ya Somalia, anazungumza lugha kadhaa, naye alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikubali kupigwa picha kwa sharti la kulipiwa karo ya chuo.

Picha hizo zilipofika New York zilifuatana na hadithi nyingine kabisa. Beard aliueleza umma kwamba alimkuta msichana huyo akichunga mifugo katika nyika ya Kaskazini mwa Kenya, na kwamba hakujua Kiingereza. Magazeti yaliisambaza hadithi hiyo. Ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mhakiki hapaswi kuridhika na kulaani uongo huo. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini uliaminika kwa wepisi hivyo. Jibu ni kwamba haukuwa mpya. Msuko wake ulikwisha kuandaliwa na utanzu wenyewe: barabara mbovu, nyika tupu, na sura inayotokea bila historia. Beard alihitaji kumtoa Iman katika mtaa wa mji na kumweka kaskazini, na wasomaji wakamaliza kazi iliyobaki. Kwa maneno mengine, «mchungaji wa Kaskazini Mashariki» alikuwa mhusika bapa aliyekuwepo katika fasihi ya safari kabla ya msichana yeyote kupewa jina lake.

Jambo la pili ni sharti la karo. Katika ukweli wa tukio Iman alikuwa mwagizaji mwenza: alijua thamani ya sura yake na akaitajia bei iliyotokana na mipango yake ya maisha. Hadithi ya uchungaji ilikuja kulifuta tendo hilo la kimkataba. Ilimhamisha kutoka aliyepiga picha hadi aliyepigwa picha, kwa maana iliyoelezwa katika sehemu ya pili.

Jambo la tatu ndilo muhimu zaidi. Iman alikuwa na uwezo wa kujibu. Alizijua lugha za waandishi wa habari, akasema yeye ni nani, na baadaye akatoa kitabu chake mwenyewe mwaka 2001. Wale wengine waliosimama kando ya barabara ya Tana hawakuwa na uwezo huo. Uongo juu ya Iman ulijulikana kuwa uongo kwa sababu mwenye sura alisema. Ni visa vingapi vya aina hiyo vinaendelea kusomwa kuwa kweli kwa sababu tu hakuna aliyeulizwa?

5.0 Studio ya Pwani: Mwenye Sura kama Mwagizaji

Ukiifuata barabara ile ile hadi mwisho wake baharini, unakuta utamaduni mwingine wa picha. Mjini Mombasa, studio ya N. V. Parekh iliwahudumia watu wa jamii mbalimbali za mji kuanzia miaka ya 1940. Isolde Brielmaier, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ameonyesha jinsi wateja walivyoitumia studio hiyo kujitunga kama watu wa mji. Mjini Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993), aliyejifunza kazi mwenyewe na kuanza kama mpiga picha wa kutembea, alifungua studio yake katika miaka ya 1960. Bakor anakumbukwa hasa kwa picha za kuunganisha: alikata sura ya mteja na kuiweka ndani ya picha nyingine, kama vile katikati ya maua, kwa mkasi, gundi na subira.

Picha za Bakor zina msomaji wake maalumu. Mtu aliyekulia katika utamaduni wa ushairi wa Lamu, ambamo mpendwa hutajwa kwa fumbo la ua au la tunda, haoni ajabu kuiona sura juu ya shina la ua. Huo ni ufumbaji ulioletwa katika karatasi ya picha. Mhakiki wa kigeni ataiita kazi hiyo ya kinjozi. Mhakiki wa pwani ataitambua sitiari.

Heike Behrend, katika kitabu chake Contesting Visibility cha mwaka 2013, amefafanua pia jinsi jamii za Kiislamu za pwani zilivyojadiliana na kamera. Wako waliotilia shaka uhalali wa kuiga viumbe, na wako walioikubali picha kwa masharti. Picha za wanawake zilitunzwa ndani, zikaonyeshwa kwa wanaostahili kuziona, zikafichwa kwa wengine. Kwa uhakiki, masharti hayo yana maana kubwa. Kukataa kupigwa picha, au kuipiga na kuifungia sandukuni, ni tendo la utunzi. Mwenye sura ndiye anayeamua hadhira yake.

Vilevile, Behrend amewachunguza wapiga picha wa kivuko cha Likoni, wengi wao wahamiaji kutoka bara, waliojenga vibanda vyao vya wazi na kuvipamba kwa mandhari ya meli, ndege na miji ya mbali. Hapo msuko wa safari umepinduliwa. Katika vitabu vya barabarani mpiga picha husafiri ili amkute mtu aliyesimama. Likoni mpiga picha husimama pale pale, na mwenye sura ndiye anayesafiri: anapanda ndege iliyochorwa, anafika mji asioujua, kisha anakwenda zake na picha mfukoni kuituma kwao. Anajua kwamba ndege ni ya rangi. Anayetumiwa naye anajua. Hakuna anayedanganywa, na kwa sababu hiyo kisa hiki cha kubuni ni cha kweli kuliko kile cha mchungaji.

Hata hivyo, studio isifanywe pepo. Ilihitaji fedha, na wasio nazo hawakuingia. Ilikuwa na mikao yake ya kurudiarudia ambayo mteja aliipokea kama desturi. Ubora wake katika hoja hii ni mmoja tu: pakitokea kosa, mwenye sura angeweza kuikataa picha na kudai nyingine. Haki hiyo ndogo ya kibiashara ndiyo inayokosekana katika utanzu wa safari.

6.0 Sura katika Kadi

Kati ya picha ya barabarani na picha ya studio ipo ya tatu, nayo ndiyo inayojulikana zaidi Garissa: picha ndogo ya kitambulisho. Ni picha ya sura katika umbo lake kavu kuliko yote. Mandhari yake ni ukuta mtupu, mtazamo ni wa moja kwa moja, tabasamu halitakiwi. Hata hivyo ina kitu kilichokosekana katika vitabu vikubwa vya mezani. Chini yake pana jina la mtu.

Je, kupewa jina ni kupewa haki? Historia ya eneo hili inazuia jibu la haraka. Mnamo Novemba 1989 serikali ya Kenya iliwataka Wasomali wote wa nchi hiyo waliotimiza umri wa miaka 18 wajisajili upya na kuthibitisha uraia wao, hata waliokuwa tayari na vitambulisho. Waliokubaliwa walipewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi. Raia wengine hawakutakiwa kuwa nayo. Kuanzia mwaka 1991, kambi za wakimbizi zilipofunguliwa Dadaab, tatizo jingine lilizuka: Wakenya walioandikishwa humo wakati wa ukame ili wapate chakula walikuja kunyimwa vitambulisho kwa kuwa alama za vidole vyao zilikuwa katika orodha ya wakimbizi. Februari 2025, mjini Wajir, rais wa Kenya alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Vijana waliozaliwa baada ya kadi ya waridi walikuwa wamekwisha kuwa wazazi.

Uhusiano wa mambo haya na fasihi ya safari si wa kubahatisha. Ofisa anayeitazama sura ya kijana wa Waberi na kuuliza ametoka wapi, na msafiri anayeiona sura hiyo kuwa imetokea nyikani bila historia, wanasoma matini moja. Wote wawili wanaanza na dhana kwamba mtu huyu hana jana ndani ya nchi hii. Mmoja anaifanya dhana hiyo kuwa uzuri, mwingine anaifanya shaka. Haisemwi kwamba vitabu vya picha ndivyo vilivyozaa kadi ya waridi. Sheria za kibali zilivitangulia vyote viwili. Kinachosemwa ni kwamba vimelishwa na itikadi moja, na kwamba mhakiki akiisifu ya kwanza kwa ufundi wake bila kuikumbuka ya pili, ameisoma nusu ya ukurasa.

Riwaya ya Maps ya Nuruddin Farah, ya mwaka 1986, ilikwisha kulitambua jambo hili kutoka upande mwingine wa mpaka. Humo kijana mzaliwa wa Ogaden anapambana na swali la ramani na hati ya utambulisho vinajua nini juu yake, na vinaacha nini. Karatasi inamtaja, lakini haimtaji mwanamke aliyemlea. Jina lipo, na bado kisa kimekosewa.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kuwa kigezo. Kadi ya waridi ilikuwa na jina. Kinachoitofautisha na picha ya Bakor ni kwamba mwenye sura hakuiagiza wala hakuweza kuikataa, na akikosewa ndani yake, kusahihisha kulimgharimu miaka.

Mfano wa mwisho unaonyesha sura na jina vikikutana kwa namna nyingine. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Siku zilizofuata Wakenya walikusanya na kusambaza picha za waliouawa pamoja na majina yao, wakisisitiza kwamba hawakuwa nambari tu. Zile hazikuwa picha za wasafiri. Ni picha zilizotolewa katika simu na albamu za jamaa na marafiki, picha ambazo marehemu wenyewe walikuwa wamezipiga, kwa maana ya Kiswahili ya kitenzi hicho. Mji ambao kwa miaka mingi ulisawiriwa na wengine ulijulikana, kwa siku chache za msiba, kwa sura ambazo wenyewe walizichagua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tafakuri za mpiga picha msafiri ni matini ya kifasihi inayostahili kuhakikiwa kwa vigezo vya msimulizi, msuko, mandhari na wahusika, na kwamba sarufi ya Kiswahili inatoa kigezo kingine ambacho nadharia za Magharibi hazikukipa uzito. Tofauti kati ya kupiga na kupigwa picha ni tofauti ya nani ameagiza na nani amebaki na picha.

Kutokana na uchambuzi huu, kazi tatu zinawasubiri watafiti. Ya kwanza ni kurudi na vitabu hivi mahali vilipopigwa, kuwaonyesha wazee wa Garissa, Hola, Garsen na Lamu, na kuandika majina pale yanapokumbukwa na familia zinaporidhia. Ya pili ni kuzihifadhi kumbukumbu za studio za miji ya Kaskazini Mashariki, ambazo hazijapata mtafiti wa kuzifanyia kazi iliyofanywa Lamu na Mombasa. Filamu hasi hazivumilii joto, na wenye studio wanazeeka. Ya tatu ni kufundisha utanzu huu katika kozi za fasihi ya safari, ili mwanafunzi ajifunze kusoma maelezo yaliyo chini ya picha kwa makini yale yale anayoyatumia kusoma ubeti.

Uzuri wa picha hizi haukanushwi. Unaulizwa tu swali ambalo mteja wa Bakor aliweza kuliuliza pale kaunta, na ambalo aliyesimama kando ya Mto Tana hakupata wa kumuuliza: huyu ndiye mimi?